Usiku wa mizimu: Mkristo akimbie au acheze?

Mwezi wa 10 ukiingia hapa Newala kila mtu anajua maana yake: korosho. Mikorosho inadondosha, magunia yanatafutwa kama dhahabu, na mshikaji ambaye tangu mwezi wa 4 alikuwa anakopa vocha kwako, sasa anakuagizia soda bila kuuliza bei. Na hela zikiwepo, starehe haziko mbali.

Sasa katika hizo starehe kuna moja ngeni imeanza kutajwatajwa vijiweni. Halloween. Wenzetu wa Dar es Salaam wanaijua zamani. Ikifika tarehe 31 Oktoba zipo kumbi na hoteli kule zinazojaa mabinti waliojipaka damu ya bandia na vijana waliovaa sura za mifupa. Sisi wa huku juu milimani tulikuwa tunaiona kwenye sinema za video tu. Siku hizi imo ndani ya simu, na kilichomo ndani ya simu hakichelewi kufika Newala hata barabara ikiwa mbaya.

Nimeyaandika haya kwa sababu ya swali. Kijana mmoja wa kwaya, mwenye sauti ya besi ile mbaya, alinivuta pembeni akaniuliza: "Kaka, hivi nikienda kwenye usiku kama ule nitakuwa nimetenda dhambi? Mama anasema ni sherehe ya shetani. Washkaji wanasema ni utani tu. Mimi nimekaa katikati kama mpira."

Nilitaka nimjibu chapchap, nikashindwa. Maana kila nilipotaka kusema "acha, hayo ya Wazungu", nilikumbuka midimu.

WENYE VINYAGO NI SISI

Jamani tuwe wakweli. Mtu wa Newala atamfundisha nani kuhusu kuvaa sura ya mzimu? Karl Weule, Mjerumani wa makumbusho ya Leipzig, alifika huku mwaka 1906 na mashine yake ya kunasa sauti. Alikaa Newala, akaangalia unyago, akakusanya vinyago vya Wamakonde, akarudi kwao na kuandika kitabu kizima. Yaani miaka zaidi ya 100 iliyopita Mzungu alifunga safari kuja kushangaa kile ambacho leo sisi tunakishangaa kwao.

Kwa msomaji wa mbali asiyejua: midimu ni ngoma ya vinyago ya Wamakonde. Mtu anafunikwa mwili mzima, usoni anavaa sura ya mti iliyochongwa, na wengine hutembea juu ya mironjo hadi unamwona anachungulia juu ya paa. Upande wa Msumbiji, kwa ndugu zetu wa ng'ambo ya Ruvuma, wanaita mapiko. Hutoka hasa vijana wanapotoka jandoni na wasichana unyagoni. Zamani watoto na kina mama waliambiwa yule si mtu, ni marehemu amefufuka. Ukimwona, mguu niponye!

Halafu mvulana anaingia likumbi, ndiyo jando ya Kimakonde. Huko ndani, pamoja na mengine ambayo sitayaandika hapa maana wazee watanisubiri njiani, anaonyeshwa siri moja kubwa: kile kinyago ni mti. Na aliyemo ndani ni mjomba wake.

Hebu itafakari hiyo. Mtoto amekuwa akikikimbia kinyago miaka yote. Siku anapofanywa mtu mzima, anapewa akishike kwa mkono wake mwenyewe. Kwa hiyo mwanaume wa Kimakonde ni yule ambaye ameona sura ya kutisha ikivuliwa.

Na si vinyago tu. Angalia watani msibani. Watu wanalia, mtani wa marehemu anakuja amevaa suruali ya marehemu, anatembea kama marehemu, anakohoa kama marehemu. Wapo wanaoingia kaburini wakalala na kugoma kutoka mpaka wapewe hela. Mtu anayefanya hivyo Jumamosi, Jumapili yuko kanisani au Ijumaa yuko msikitini, na hakuna anayesema ameuza roho. Tunajua ni nini: tunakicheka kifo kwa sababu tusipokicheka kitatuua kabla ya siku yake. Kuomba kitu kwa vitisho vya mchezo, kuvaa mavazi ya maiti, kucheka makaburini, vyote hivyo tunavyo. Tofauti ya Halloween ni peremende tu.

31 OKTOBA NI YA NANI?

Nirudi kwa mama wa yule kijana. Hoja yake ni kwamba sikukuu hii imetoka upagani. Anayo sehemu ya ukweli, lakini hajamaliza hadithi.

Ni kweli kwamba Ireland na Scotland zamani za kale walikuwa na sikukuu iitwayo Samhain, ya kufunga mavuno na kufungua majira ya baridi, na kwamba desturi nyingi za usiku ule zinahusishwa nayo. Wataalamu bado wanabishana ni kiasi gani. Lakini jina lenyewe la Halloween maana yake ni mkesha wa Watakatifu Wote. Sikukuu ya Watakatifu Wote ni tarehe 1 Novemba. Papa Gregori wa 3, katika karne ya 8, aliweka wakfu kikanisa cha watakatifu wote kule Roma, na mwaka 835, wakati wa Papa Gregori wa 4, tarehe hiyo ilienezwa katika himaya ya Wafaranki. Kesho yake, 2 Novemba, ni siku ya kuwaombea Marehemu Wote. Huko Uingereza masikini walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba siku hizo, wanapewa mikate midogo, nao wanaahidi kuwaombea wafu wa nyumba ile. Hapo ndipo wengi wanaona asili ya watoto kugonga milango.

Taa nazo zilichongwa kwenye tanipu. Waayalandi walipohamia Marekani wakakuta maboga makubwa na laini, wakabadilisha. (Kwa hapa kwetu msijaribu. Oktoba mvua bado, boga lenyewe halipatikani, na bibi yako akikuona umetoboa macho kwenye chakula utakuwa mzimu wa kweli usiku huohuo.)

Tena wapo Wakristo wanaosherehekea 31 Oktoba kwa sababu nyingine kabisa. Martin Luther alitoa hoja zake 95 kule Wittenberg tarehe hiyo mwaka 1517, na kanisa la ngome la mji ule ni la Watakatifu Wote. Ndugu zetu wa KKKT wanaikumbuka kila mwaka kama siku ya Matengenezo. Kwa hiyo anayesema tarehe hiyo ni ya shetani, amempa shetani kitu ambacho hata si chake.

ASKOFU ALIYEINGIA JANDONI

Sasa hapa ndipo nilipotaka kufika. Swali la yule kijana, yaani Mkristo afanye nini na desturi iliyotoka nje ya kanisa, lilishaulizwa hukuhuku kwetu na likajibiwa kwa vitendo. Ajabu ni kwamba vijana wengi wa leo hawajui.

Misheni ya UMCA, Waanglikana, ilianza Masasi mwaka 1876. Askofu Edward Steere alitoka Zanzibar na watu waliokombolewa utumwani akawaweka pale. Mwaka 1882 Wangoni wakaivamia misheni, na baadhi ya kazi ikahamia huku Newala kwa Matola. Kisha Majimaji ya 1905 nayo ikapita na moto wake. Pamoja na misukosuko yote, kanisa likakua.

Lakini jando likabaki mfupa kooni. Wamisionari wa mwanzo hawakulipenda. Kulikuwa na dawa, sadaka za unga kwa mizimu, nyimbo za matusi, na vidonda vilivyoua watoto. Basi ikawa: mkatae. Ukaenda, umejitenga na kanisa. Matokeo yake unaweza kuyabuni mwenyewe. Baba Mkristo hawezi kumwacha mwanawe abaki mtoto mbele ya wenzake, asioe, asizike, asisikilizwe barazani. Anampeleka usiku, kimyakimya, na Jumapili anakaa benchi la mbele na uso mkavu. Marufuku ilizaa waongo. Wakati huohuo Uislamu uliokuwa ukipanda kutoka pwani ulikuwa haugombani na jando, ulilikaribisha likawa mlango wa kuingilia. Kanisa likawa linapoteza vijana mchana kweupe.

Mtu anayetajwa zaidi katika kugeuza mambo ni William Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi kuanzia 1926 hadi 1944. Mwaka 1928 aliandika makala ndefu juu ya Mkristo na desturi zisizo za Kikristo. Msimamo wake kwa maneno yangu ya kijiweni: usiulize tu desturi imetoka wapi, uliza inafanya kazi gani. Jando linamfanya mtoto kuwa mtu mzima, linamfundisha adabu, linamfunga na wenzake. Kazi hiyo ni njema, nani ataifanya ukiliua? Basi toa kilicho kibaya, acha kilicho chema, na palipokuwa na mizimu mweke Mungu.

Likazaliwa jando la Kikristo. Kambi ikawa na padri, wasimamizi wakawa Wakristo, ukataji ukafanywa na mtu wa dawa za hospitali kwa vyombo safi. Mahali pa ule mti wa jadi ukasimikwa msalaba. Nyimbo zikachujwa. Vijana walipotoka walipelekwa kanisani kushukuru, na ngoma juu yake.

Ila tusimpe Mzungu sifa peke yake. Askofu asingeweza lolote bila mapadri na walimu Waafrika, watu kama Padri Kolumba Msigala, aliyeacha kumbukumbu zake kwa maandishi. Hao ndio waliojua kipi kikiondolewa jando linabaki jando, na kipi kikiondolewa linakuwa kambi ya skauti.

Mimi nikifika hapa huwa nacheka, maana hata Lucas hakubuni. Mwaka 601 Papa Gregori Mkuu aliandika barua kwa wamisionari waliokuwa wakienda kuwahubiria Waingereza, mababu wa haohao waliokuja kuona jando letu. Aliwaagiza wasibomoe mahekalu ya wapagani, wavunje sanamu tu, wanyunyize maji ya baraka na kuweka altare. Na zile sikukuu za kuchinja ng'ombe wasizifute, watu wajenge vibanda vya matawi kuzunguka kanisa wale na kunywa wakimshukuru Mungu. Vibanda vya matawi! Mtu wa Newala akisoma hapo anajua harufu yake.

HAIKUWA RAHISI

Msidhani yote yalikwenda bomba. Wapo waliolalamika kuwa jando la kanisa ni chai bila sukari. Wapo machifu walioona wamenyang'anywa haki yao ya kuchezesha jando na heshima inayokwenda nayo. Na kwa upande wa wasichana, ambako misheni ilijaribu unyago wake uliojulikana kama malango, mafanikio yalikuwa madogo zaidi. Mimi kwa maoni yangu sababu haiko mbali: huwezi kupanga mambo ya makungwi katika chumba cha wanaume. Nalisema hili kwa sababu hadi leo kamati nyingi za vijana makanisani ni wanaume watano wanaoamua kina dada wavae nini.

Hata hivyo angalia matunda. Mtoto wa Kikristo wa Masasi aliweza kuwa mtu mzima wa kabila lake na mshirika wa kanisa bila kudanganya upande wowote.

KUNA KITU SI CHA KUCHEZEA

Ndiyo maana ukiniuliza kuhusu Halloween sitasema "ruksa" tu nikapita. Tutumie chujio lilelile. Na chujio likitumika kwa Tanzania, kuna kitu kinabaki juu, nacho ni mchawi.

Kwa Mmarekani, bibi kizee mwenye kofia ndefu na ufagio ni katuni. Kwetu si katuni. Katika nchi hii vikongwe wameuawa kwa mapanga, hasa kule Usukumani, kwa kosa la kuwa na macho mekundu ya moshi wa kuni. Ndugu zetu wenye ualbino wamekatwa viungo kwa imani hizohizo. Na hofu ikishika watu wengi kwa mpigo ni noma. Mwaka 1995 Zanzibar ilipokumbwa na habari za Popobawa, watu walilala nje makundi kwa makundi, na mtu mmoja mgonjwa wa akili aliuawa na umati kwa kudhaniwa ndiye. Mtu wa watu, alikuwa amekuja kutibiwa.

Kwa hiyo binti unayetaka kujipaka macho mekundu na kujiita bibi mchawi ili upigwe picha, mimi sitakuambia utakwenda motoni. Nitakuambia kuna bibi wa kweli, jirani yenu, ambaye utani huo haumchekeshi. Tena mtoto wa miaka 6 anayetishwa gizani leo, baada ya miaka 20 ndiye atakayeokota jiwe.

Nimesema jando la Kimakonde lilimvua mtoto hofu. Mkristo anayesema Kristo ameshinda mauti anapaswa kuwa mtu wa mwisho kuuza hofu. Na hili ninalielekeza pia kwa wahubiri wa vipaza sauti, wanaokaa wiki nzima wakimtangaza shetani wa Oktoba mpaka watoto hawalali. Huyo naye anacheza Halloween, tofauti yake ni kwamba hatoi peremende.

SASA TUFANYEJE?

Nilimjibu yule kijana hivi. Usiende kulewa mahali ambapo hata hujui unasherehekea nini, na usikae nyumbani umenuna. Mkesha ni wenu, uchukueni.

Jioni ya 31 kwaya iimbe. Si lazima kanisani, hata uwanjani, na jirani Mwislamu akaribishwe kama tunavyoalikwa kwao Idi. Wenye kutaka kuvaa wavae, nani kakataza? Wavae watakatifu. Tunao weusi wenzetu wa kutosha. Kuna mashahidi wa Uganda wa 1885 hadi 1887, Wakatoliki na Waanglikana, waliokufa pamoja chini ya Kabaka mmoja. Yule Kizito alikuwa kijana mdogo wa miaka kama 14. Kuna Bakhita wa Sudani, aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto na kutangazwa mtakatifu mwaka 2000. Kanisa la Masasi lililoanzishwa na watu waliotoka utumwani linaweza kukosaje mtu wa kumvaa Bakhita? Mtoto anayeulizwa "wewe ni nani?" aseme hadithi ya mtu wake kwa dakika mbili, ndipo apewe karanga zake.

Na kugonga milango kuwepo, ila kugeuzwe. Vijana ndio wabebe. Ni msimu wa korosho, hela ipo, msinidanganye. Kilo mbili za unga, sabuni, chumvi, mnakwenda kwa mjane, kwa babu asiyejiweza, na kwanza kabisa kwa yule bibi mwenye macho mekundu ambaye mtaa mzima unamnong'ona. Mgonge mlango wake na taa mkononi, muimbe wimbo, mkae mle naye. Mtaa uone mmekula kwake na asubuhi mmeamka wazima.

Tarehe 2 Novemba jembe na fyekeo, makaburini. Msafishe ya kwenu na yasiyo na mwenyewe. Midimu nayo? Hapo mniulizie wazee kwanza. Mimi naona kinyago kikichezwa mchana, mwisho mchezaji akavua sura mbele ya watoto wote wakaona ni mjomba, hakuna mahubiri yatakayoshinda hilo. Lakini siri ni ya wenyewe, na bila ruhusa yao msithubutu.

Yule kijana alinisikiliza mpaka mwisho, akakuna kichwa. Akasema mama ataelewa kuhusu unga na makaburi, kuhusu mavazi hana hakika. Ila yeye ameshachagua atakavyovaa: Askofu Lucas, na fimbo yake. Kanzu ya zambarau hajui ataipata wapi, na ndevu anafikiria sufi. Mwenye kanzu ya kuazimisha apite kijiweni kwetu kabla ya tarehe 31.